Mtoto wa Jicho

Shangazi Skolastika alikuwa na mtoto wa jicho,
la kulia kwanza, kisha la pili likafuata mwenzake.
Akaniomba kwa baba siku za likizo ya Pasaka:
"Nipe huyu mwembamba. Anaona."

Tukateremka Kilolo kabla ya jua,
umande umetulowesha mpaka magotini,
tukapita viazi vya watu, njegere za watu,
"kamwene" kwa kila mwenye jembe,
kama waendao kupalilia.
Mahindi yake yalikuwa mazuri upande wa njia.
Katikati ya mahindi ndipo lilipokuwa lile jingine
ambalo nyumbani halikuitwa jina lake.
Tulisema tu: mboga ya ndani.

"Shika shina. Panda nalo mpaka tawi linapochepuka.
Hapo kwapani. Kuna nini?"
Kuna vipunje, shangazi, kama ulezi.
"Vinaning'inia?"
Vinaning'inia.
"Dume. Ng'oa."
Na hili?
"Sema wewe."
Kuna nywele. Nyeupe, mbili, zimeachana
kama pembe za mbuzi wa juzi.
"Huyo ndiye mama mwenye nyumba. Mwache."

Na kama hakuna kitu?
"Basi hakuna. Usilazimishe. Keshokutwa tutarudi."

Dume moja tu likipasuka, alisema,
upepo ukabeba vumbi lake,
shamba zima litashika mimba,
na mnunuzi wa mjini hanunui mimba.
Anafikicha kiganjani, anahesabu mbegu,
anashusha bei.
Madume huwahi kurefuka, ndiyo kazi yao,
kurefuka na kupepea.
Marehemu mjomba, aliyeishia kwenye ulanzi, hakumtaja,
lakini tulicheka wote wawili
mpaka kunguru wakaruka.

Moja, karibu na kijito, sikuling'oa.
Lilikuwa limenipita kimo.
Lilisimama kama mtu anayengoja kuitwa jina.
Nikasema, "Huku kumekwisha, shangazi."

Mei, akavunja kishada cha kwanza, akakifikicha.
Mbegu zikadondoka kwenye ungo
kama mvua inayoanza juu ya bati.
Hakusema kitu.
Akazipepeta, akazifunga kwenye pindo la kanga.

Wiki hiyohiyo askari wakaja kwa miguu,
gari lilishindwa mlima.
Wakafyeka.
Wakafyeka na mahindi.
Hakuna aliyeinama kutazama kwapa la tawi,
hakuna aliyeuliza lipi dume, lipi mama mwenye nyumba.
Karatasi iliandikwa: miche mia mbili na kumi na mmoja.
Chini yake, kwenye mstari wa mshitakiwa,
ndipo walipokumbuka kutofautisha.
Jinsi: KE.

Siku hizi nafundisha darasa la sita, Tukuyu.
Somo la maua nalifundishia boga:
shina moja, ua dume huku, ua jike kule,
halimpi mtu kesi.
Mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, kabla halijachanua, utajuaje?"
Nikafuta ubao polepole,
vumbi la chaki likaelea mpaka dirishani,
nikalitazama linakotua.

Alitoka mwaka juzi.
Madaktari wa macho walikuwa wamepita gerezani,
wakamtoa mtoto, wa kulia kwanza.
Alinitazama kuanzia viatu,
taratibu, kiungo kwa kiungo,
kama mtu anayepanda na shina.
"Umerefuka," akasema.
Akanywa chai yake, akaweka kikombe chini.
"Na lile la kijitoni, lilikuwa limefika wapi?"

Nikanyanyua mkono hewani,
pale palipokuwa utosi wangu wa miaka tisa,
nikaongeza kiganja kimoja.
Mkono ukagota kifuani mwangu.