Zamu ya Tisa

Bwana, umepiga simu mara tatu
kuuliza kama daftari la mama bado lipo.
Lipo. Lilikuwa ndani ya kopo la biskuti,
chini ya vifungo na risiti ya jeneza la baba.
Panya ameila Juni yote ya mwaka thelathini na sita.
Iliyobaki inasomeka.

Unataka hesabu. Haya, shika kalamu.

Meridian, Jumapili, jua la kupasua kisogo.
Lucius Tolliver, mdakaji:
mara nne alishika gongo, mara tatu akafika.
Pembeni, kwa penseli iliyolowa mate:
*Kidole kimevunjika. Nimekifunga kwa pindo la gauni langu.*
Hiyo utaiweka safu gani?

Timu ilikuwa ya Bwana Dantzler, mzishi wa Selma.
Basi lao ndilo lililobeba wafiwa siku za wiki,
jeusi, lenye mapazia ya zambarau.
Cato Whitlow, mtupaji, alikuwa akisema,
"Maiti wetu wana nafuu,
safari yao ni moja na wanafika wamelala."
Wao walicheza michezo mitatu kwa siku moja,
miji miwili,
na usiku walilala wameegemeana kama magunia ya pamba.

Karibu na Tupelo mwenye mgahawa
aliwauzia kahawa kupitia dirisha la jikoni.
Walipomaliza kunywa akavikusanya vikombe
akavivunja mmoja mmoja mbele yao,
ili midomo ya wateja wake isije ikavigusa.
Mama alikuwa na safu ya makosa,
ya mpira uliomponyoka mtu, ya mkono uliochelewa.
Siku hiyo ameandika humo, kwa mwandiko wake wa shule:
*Makosa: 14. Upande wao.*

Cheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikafunga daftari.

Agosti walikodi uwanja mkubwa wa Birmingham,
wenyewe wakiwa safarini.
Watu elfu tisa, kofia za kanisani, kuku wa kukaanga,
na Cato hakuguswa, zamu zote tisa,
mtu hata mmoja hakupata pigo.
Bafu lilikuwa na kufuli mbili.
Aliyewafunga wenzake midomo aliogea kwenye ndoo
nyuma ya basi, mama akishika shuka.
Kesho yake gazeti la mji liliandika habari
za mbuzi aliyeingia posta.

Halafu lango likafunguka. Si lote,
upana wa bega moja.
Wakamchukua Ellery, kijana wetu wa miaka kumi na tisa,
na Bwana Dantzler hakupewa hata senti ya nauli.
Lucius alikuwa na arobaini na mbili.
Alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha,
tulifurahi, bwana, usiandike kwamba hatukufurahi,
kisha kila Jumapili watu wetu wakapanda treni
kwenda kumtazama Ellery kwenye viwanja vya wengine.
Mama aliendelea kuwahesabu waliobaki:
*mia nne. mia na ishirini. sitini na mmoja, na mbwa.*

Ukurasa wa mwisho ndio unaoutaka, najua.
Greenwood, Septemba, uwanja usio na taa.
Zamu nane zimejaa. Ya tisa ina mstari mmoja:
*Tolliver, kituo cha tatu. Giza.*
Wiki ile basi lilirudi kwenye majeneza
na hakuna aliyerudi Greenwood kuumaliza mchezo.

Unasema vitabu vyenu vinahitaji jibu,
aliingia nyumbani au hakuingia,
la sivyo mchezo wote unafutwa.

Mimi nilikuwa na miaka saba,
nimekalia ndoo iliyopinduliwa
na mama ananivuta mkono twende.
Kuona, sikuona kitu.
Nilisikia miguu.