Mtambaapanya

Unga umeanguka tena juu ya kitambaa cha meza,
mwembamba, wa rangi ya chai ya maziwa.
Naupangusa kwa kiganja. Kesho asubuhi upo.
Nyumba inasaga usiku, mimi nimelala,
inajila kwa adabu, bila kelele.

Fundi Shemweta alikuja na baiskeli kutoka Makorora,
akapanda darini na bisibisi na nyundo ndogo,
akawa anagonga boriti mojamoja
kama daktari agongavyo mgongo wa mwenye kifua.
Ngo. Hii nzima.
Ngo. Na hii.
Bwe.
Akanyamaza. Bisibisi ilikuwa imezama mpaka mpini.

Alishuka na vumbi kwenye kope.
Yeye anaziita kenchi. Baba aliziita makombamoyo,
na mimi kila nikilitamka neno hilo
husikia mwishoni mwake kitu kikidunda.
"Ziko kumi na tisa," akasema.
"Saba zimekwenda. Nane ni mvule wa kweli,
zitatuzika mimi na wewe.
Nne bado zinafikiria."

Hesabu aliiandika kwenye mfuko mtupu wa saruji.
Kukarabati: laki tisa na nusu,
na dawa ya mchwa ndani yake.
Kuezua lote, mbao mpya, bati mpya,
misumari, posho ya vijana wawili:
milioni nne na laki mbili.
Nikauliza, hizo mbao mpya ni za nini?
"Msonobari."
Utadumu?
Akatazama barabarani, akameza mate.
"Mama, msonobari wa siku hizi
unakatwa ukiwa bado unanyonya."

Kaka Mwinjuma alipiga kutoka Dar:
bomoa, weka la kisasa, bati jekundu,
nyumba ya Ngamiani nayo ionekane.
Hakusema nani atatoa hizo milioni.
Dada Mwanasha akanitumia ile methali ya ufa na ukuta.
Nikamjibu: methali inasema ukuta.
Paa halina ufa, dada. Paa lina wadudu.

Mwezi wa pili ulikuwa unakwisha. Masika hayangoji kikao cha ukoo.

Usiku ule nikapanda mwenyewe,
miaka hamsini na nane, gauni nimelifunga kiunoni,
tochi mdomoni kama mwizi wa kuku.
Juu ya ukuta, kwenye mtambaapanya,
pale panya wanapopita hata leo bila kutuomba ruhusa,
nikakuta penseli ya baba.
Si jina lake, si dua.
*Kombamoyo 19, kila moja sh. 7. Jumla 123.*
Nikarudia kuzidisha kwa vidole.
Mia na thelathini na tatu.
Baba, aliyetuchapa kwa hesabu,
alikosea kumi, akajenga hivyo hivyo.

Halafu nikaona, kule pembeni juu ya jiko,
boriti mbili zimefungwa gango:
mlingoti wa mkonge, waya wa shambani, kutu tupu.
Kumbe hata yeye.
Kumbe hili paa ninalolilia uzima wake
lilikuwa na viraka kabla sijaota meno.

Sikulia. Nilipiga chafya, mara tatu, kwa lile vumbi.

Saba tumezitoa. Mchanga ulimwagika kutoka ndani yao
kama kibubu kilichovunjwa.
Mbao za msonobari nimezilowesha dawa hadi vidole vikababuka,
maana mtoto mchanga huchanjwa.
Bati ni zilezile, matundu tumeyaziba kwa lami.
Mwinjuma ameona picha; hajajibu.

Zile nne zinazofikiria nimeziacha zifikiri.
Kila Ijumaa nazigonga kwa mpini wa mwiko uliofungwa kwenye ufagio,
nikiwa nimesimama juu ya kiti,
na majirani wameshazoea.

Leo kitambaa kina unga tena.
Kidogo sana. Nimeuchukua kwa ncha ya kidole, nimeunusa.
Labda ni wa msumeno.