Kisanduku Chekundu

Kompyuta yetu ni sadaka ya benki iliyofunga tawi.
Ukiiwasha saa tatu, inaamka saa tatu u nusu,
inakohoa, inaomba isasishwe, inalala tena.
Bi Audrey huchemsha chai wakati huo.
"Usimharakishe," husema. "Naye amestaafu."

Sisi ni watu watano na chumba kimoja Middlesbrough,
nyuma ya kanisa linalouzwa.
Tunaazimisha viti vya magurudumu
kwa aliyevunjika nyonga,
kwa mtoto anayekua haraka kuliko barua za serikali.
Mimi hushona upya vikalio.
Sindano naijua. Kipanya kiliniponyoka, jina na tabia.

Orodha ilikuwa madaftari matatu na kichwa cha Bi Audrey.
Mwezi Machi kichwa hicho kililazwa wiki mbili kwa nimonia
na nywila ikalazwa pamoja nacho.
Tulijaribu jina la paka wake. Tukajaribu la marehemu mumewe.
Mashine ikatufungia mlango kwa adabu:
jaribu tena baada ya saa moja.
Mlangoni bwana mmoja alikuwa akisubiri,
mkewe amemkalisha kwenye toroli ya dukani.

Kampuni ya Leeds ilitaka pauni mia tisa
kutufundisha siku moja, chakula mbali.
Tuliisoma barua ile kama mtu asomavyo bei ya nyama
tarehe ishirini na nane.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ndipo Nabeela wa maktaba akabandika karatasi:
Jumanne jioni, vikundi visivyotafuta faida,
pauni nne kwa kichwa, asiye nazo alete biskuti.
Tulipeleka biskuti.
Walikuwepo wa klabu ya ndondi, walikuwepo wanaotibu kalunguyeye,
kila mmoja na aibu yake ndani ya mfuko wa plastiki.

Nabeela hashiki kipanya cha mtu.
"Nikikubofyia mimi, utakuwa umejifunza kunitazama."
Akasema orodha zetu tuziweke kwenye wingu.
Bi Audrey, kifua bado kinapiga filimbi, akachungulia dirishani:
"Mawingu ya hapa? Sijayaona yakiweka kitu yasikimwage."

Wiki ya tano tukafundishwa kanuni:
kisanduku cha KIMERUDI kikikaa kitupu kupita mwaka
kijipake chekundu chenyewe.
Bi Audrey akabofya.
Viti thelathini na kimoja vikaona haya kwa pamoja.
Wa ndondi wakatupigia makofi.

Tukaanza kupiga simu. Kimoja kilikuwa kinafugiwa sungura.
Kimoja kilirudi na kiota cha ndege mfukoni.

Na nambari kumi na saba, miaka sita.
Lorraine Tweddle alipokea kabla simu haijalia mara mbili.
"Ni cha Kieran," alisema. Hakusema kilikuwa.
"Nakitia mafuta kila Jumapili, magurudumu yasikwame."
Kisha akauliza anadaiwa kiasi gani.

Mashine, siku hiyo, ilikuwa macho.
Kuandika ndiyo, hatukuweza. Kuandika hapana, hatukutaka.
Kufuta mstari mzima tulijifunza wiki ya pili,
ni kubofya mara moja,
na hakuna aliyenyoosha kidole.

Jumanne Bi Audrey akauliza mbele ya darasa zima:
"Kuna njia ya kukiambia kimoja tu kisione haya?"
Nabeela hakuuliza kwa nini.
Akamsimamia, mikono yake mwenyewe kaifumbata mgongoni.
"Bofya hapo. Sasa pale. Hata kanuni huachiwa nafasi, ila uiandike."
Sekunde arobaini. Bi Audrey alikosea mara mbili.
Wekundu ukatoka.

Nimekata kitambaa cha buluu, kizito,
sentimita arobaini na mbili kwa arobaini.
Kikalio kile hakitakaliwa, najua.
Nitakipeleka Jumapili,
wakati wa mafuta.