Mafundo

Duka la Batulbai lilikuwa Mkomani,
mlango mmoja, kizingiti kimelika kwa nyayo,
misumari, uzi, tambuu, na harufu ya ubani
iliyolala pamoja na mafuta ya taa.
Nilitumwa sindano adhuhuri, nikarudi magharibi.

Alinikalisha juu ya gunia la dengu,
akanipa kitambaa kilichokunjamana kama kitoto kichanga:
"Cha Mandvi hiki, Kachchh. Vuta."
Nikavuta pembe mbili. Nyuzi zikakatika tatata,
vifundo vikaruka kama bisi,
na penye kila fundo pakabaki nukta nyeupe
ambapo wekundu haukupata njia.
"Aliyefunga," akasema, "hamjui atakayefungua."

Yeye mwenyewe Kachchh hakuikanyaga.
Aliirithi kwa bibi yake, kama bangili:
jangwa la chumvi jeupe hadi macho yaume,
mito inayochoka kabla ya pwani,
na ngamia waogeleao kwenda kula mikoko.
Hapo tulicheka. Mikoko tunaijua sisi,
hutupa boriti, hutukwaruza miguu;
ngamia wa bara hata Mokowe havuki!
Tukamwita Mama Ngamia.
Hakununa. Alituongeza peremende moja juu ya hesabu.

Mtalii akimuuliza kwao wapi,
alielekeza kidole darini:
"Hapo juu. Chumba cha nyuma."

Mwaka jana Huzefa, mtoto wa nduguye, alikwenda,
akarudi na simu imejaa.
Tukasongamana dukani, sisi wenye mvi sasa.
Ngamia, shingo tu juu ya maji,
kumi, ishirini, wakiikabili mikoko.
Hakuna aliyecheka.
Mmoja wetu alisema, tuwie radhi, Mama.

Hakumsikia. Macho yake yameshaingia ukungu,
kazi yote huifanya sikio.
"Ile nyingine," akasema. "Yenye mlio. Irudishe."

Wanaume, rangi yetu, nywele zetu,
uani penye kaburi la walii,
ngoma mapajani, wanaimba Kikachchhi.
Wasidi, akasema Huzefa. Niliwauliza
mchezo huu waitwaje, wakanijibu: goma.
Neno la wapi?
Hawajui. La babu zao, basi.

Batulbai akapapasa kabatini,
akatoa kitambaa ambacho hakijavutwa,
mafundo yote yangalimo.
Simu inapiga. Hakuna aliyeizima.
Pembe moja alinipa mimi.
Ya pili akaishika mwenyewe.