Fomu Tatu za Saham

Inauliza: mnyama gani.
Naandika ng'ombe wa maziwa, miaka minne, nambari 2218.
Mofizul humwita Malai, lakini fomu haina pahala pa Malai.

Inauliza: dawa gani, mshipani au msulini,
mililita ngapi, kwa mkono wa nani.
Wangu.
Saa kumi na moja alfajiri, chuchu ya nyuma kulia
imevimba, ina moto kama birika,
na mafeni ya zizi yanavuma tangu juzi
bila ya kulipunguza joto la Batina hata chembe.
Nikamchoma shingoni. Nikampapasa. Nikageuka kunawa.

Dakika sita.
Kope zikafura mpaka macho yakawa nyufa,
ngozi ikatoka mabaka mapana kama visahani vya kahawa,
Mofizul akapiga kelele kwa Kibengali
na sikuhitaji mkalimani.
Dawa ya kumrudisha ilikuwa frijini, ofisini,
uwanja mzima baina yetu,
nami miguuni nina mabuti ya mpira.
Nilikimbia kama mtu anayedaiwa.

Amesimama. Niandike hivyo: amesimama.
Jana alitoa lita thelathini na moja. Leo nne,
na hizo nne tumezimwaga nyuma ya zizi,
mchanga ukazinywa bila ya kuuliza zina nini.

Fomu ni ya Kiarabu. Mimi nilijifunza kulia kwa Kiswahili,
kwa mama aliyefika hapa kutoka Wete na sanduku moja,
basi kila neno nalipima mara mbili.
Dawa: huko dawa, huku dawa.
Sumu: huko sumu, huku sumu.
Mama alikuwa akisema tumeyaazima yote mawili nyumba moja
na hatukuuliza kama ni ndugu.
Maziwa ni yetu wenyewe.

Bwana Muhanna amekuja, kasimama mlangoni, kanzu haina vumbi.
"Na wale wawili wa mwezi uliopita?" nimemuuliza.
"Ajal," amesema.
Yaani siku zao zilifika.
Lakini sikio langu ni la mama, likasikia ajali,
kitu kilichoanguka chenyewe.
Yeye analipandisha kwa Mungu, sisi tunalitupa barabarani,
na kote kuwili hapana mtu wa kuulizwa.

Mmoja alitupa mimba ya miezi sita.
Mmoja tulimkuta asubuhi, ulimi nje; tukamzika kule kwenye mitende.
Niliwaandika kwenye daftari langu la bluu, si kwenye fomu,
kwa sababu nilidhani ni mimi.
Labda sindano. Labda kile kisanduku
nilichokisahau ndani ya gari, saa sita mchana, madirisha yamefungwa.
Mficha maradhi, wanasema, kilio humuumbua.
Ng'ombe hana kilio cha kumuumbua mtu.
Hushusha kichwa, basi,
na lita zinapungua kwenye mashine.

Nimechukua fomu tatu.
Ya Malai. Ya 1906. Ya 2047, kwa tarehe zake za kweli,
na kisanduku cha gari nimekiandika pia, kwa jina langu.
Bwana Muhanna ametazama mkono wangu unavyokwenda.
Amesema kahawa inapoa.
Hakuondoka.

Limebaki moja: nambari ya toleo.
Mofizul ameiokota chupa ndani ya pipa,
ananisomea kwa Kiarabu chake, tarakimu moja moja, nami namfuata.
Tisa. Moja. Nne. Nne tena.
Kalamu imesita. Naomba niione.
Ni nane, Mofizul. Nane mbili.
Anacheka kwa haya: kijijini kwao
umbo hilihili ni nne,
na yeye hajafumba jicho tangu jana.

Nakata. Naandika upya.
Safari hii chupa anaishika yeye,
kucha yake chini ya kila nambari,
ina maziwa yaliyokauka.