Karatasi za Saruji

Jumamosi, soko la Kadutu likishafungwa,
tunakaa juu ya madebe yetu, wanawake kumi na wawili,
harufu ya sambaza bado mikononi,
na Murhula katikati, kwenye kigoda cha Mama Cibalonza,
akisubiri tunyamaze.

Acha nieleze ilikotoka.

Mwaka juzi walikuja wageni shuleni, magari mawili meupe.
Watoto waliimba. Mvua ikanyesha, tope likashuka na ngazi
kama desturi ya milima yetu, wageni wakavua viatu wakicheka.
Wakagawa zawadi kwa mstari, mmoja mmoja, bila kubagua.
Ndiyo, bila kubagua:
Murhula naye akapewa kitabu cha picha
na kalamu za rangi kumi na mbili.
Akazinusa moja moja,
akasema zote zinanuka nta, asante.

Siwacheki wageni. (Nimewacheka kidogo.)
Mkono uliotoa ni mkono.
Lakini mwalimu Zihindula alibaki na yake:
kibao kimoja cha chuma, msumari mmoja wenye kishikio,
watoto watatu wasioona,
na haja ya karatasi nene
ambazo bei yake ni debe zima la samaki.
Karatasi ya kawaida, alisema, huchoka upesi.
Kidole kikipita mara tatu, neno limelala.

Neno limelala!
Usiku ule mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Ni Cishugi, mwashi anayejenga kule Nguba, aliyetuambia
kwamba mfuko wa saruji una ngozi nyingi kama kitunguu:
ya nje imeandikwa, ya ndani ina vumbi,
ya katikati haijaguswa na mtu.
Akatuletea kumi, akatuletea arobaini.
Tukachana, tukakung'uta, tukakohoa,
tukapiga pasi ya makaa; Mama Cibalonza akaunguza saba,
tukamsema mpaka kesho yake.
Na likelemba letu, lile la vitenge na matanga,
tukalitobolea mlango wa pili:
faranga elfu kila mwezi, ya vibao, ya misumari,
ya kijana wa kuwashika mkono watoto watatu asubuhi,
maana ngazi za Kadutu
hazimhurumii hata mwenye macho.

Sasa sikia hili.
Maandishi yale huandikwa kinyume,
kutoka kuume kwenda kushoto.
Unalitoboa neno mgongoni,
kisha unageuza karatasi, nalo limesimama, limekuelekea.
Nukta sita tu, mbili mbili, safu tatu.
A ni nukta moja, punje ya ufuta peke yake.
Murhula alizijua zote
kabla maharage yangu hayajatoa maua.
Umeme ukikatika darasani, wenzake huinua vichwa;
kidole chake kinaendelea.

Basi tukamfanya katibu.
Nusu yetu hatujui kusoma,
nusu nyingine hatuwaamini wanaojua.
Daftari la zamani lililowa, likavimba,
majina yakafutika yenyewe,
kwa bahati njema ya baadhi ya watu.
La sasa halifutiki. Ni la saruji.

Na Jumamosi hii giza limeshuka, taa hakuna,
Murhula ameweka kidole mstari wa kwanza.
Mama Cibalonza, elfu moja, imeingia.
Mama Ntakwinja, elfu moja, imeingia.
Mjane wa Bisimwa, mia tano, na mayai manne.
Nami, niliyemsimulia kila mteja habari hizi
huku nikimpimia samaki,
niliyesema "sisi, sisi wenyewe, bila magari,"
nasikia kidole kinateremka, kinasimama,
kinarudi nyuma kidogo kuhakikisha:

"Mama Nabintu. Miezi miwili."

Hakuna anayekohoa.
Gizani nalitafuta fundo la kitenge changu
kwa vidole.