Alama kwa Penseli

Saa nne asubuhi, Florida, nyasi bado zimelowa umande
na jua limeshaanza kutafuna shingo.
Wamefika juzi, vijana kumi na wanane,
jezi zao zingali na mikunjo ya boksi.

Kressler, raundi ya pili, mkono wa kulia:
rada inasema maili tisini na saba.
Mpira unalia kama kitambaa kinachochanwa,
ila hajui unakokwenda. Wala mdakaji hajui.
Naandika: nguvu, sabini. Shabaha, tumwachie Mola.

Halafu huyu Yadriel wa Ponce, raundi ya kumi na saba,
kibandiko cha bei hakijabanduka kwenye soli ya kiatu.
Mara tatu amepiga hewa.
Mara ya nne anarudi nyuma hatua moja, si hatua, nusu,
anautazama mpira wa kupinda tangu unatoka kiganjani
hadi unafika, kisha anauacha upite.
Nje ya mstari, upana wa ukucha.
Hakuna aliyepiga makofi.

Nami niliwahi kuandikwa hivi. "Miguu mizito."
Maneno mawili, yakatosha.

Naandika arobaini.
Nafuta. Hamsini,
kwa penseli.